Mtungi wa kilo 6 au uendelee na mkaa?

Mdogo wangu, umeuliza kama uachane na mkaa ununue mtungi wa gesi wa kilo 6, maana mnaishi wawili chumba kimoja na unaogopa maharage yataumaliza upesi. Nunua. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Maharage yasikutie hofu. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, chemsha mengi kwa mara moja. Yakishachemka punguza moto yatokote taratibu. Moto mkali hauyaivishi haraka zaidi, unakausha maji tu.

Kilichonigharimu mimi ni kutopima. Mtungi wangu wa kwanza niliubeba dukani bila kuuweka kwenye mizani, ukaisha kabla ya wiki mbili. Mtungi huandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ongeza 6, na jumla hiyo ndiyo inayopaswa kusomeka. Muuzaji akikataa kupima, nenda kwingine.

Ukishafunga regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha ya gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Viputo vikitokea, inavuja. Usijaribu kwa kiberiti kamwe! Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu funga mtungi, fungua mlango na madirisha, na usiguse swichi ya taa. Kila usiku funga mtungi wenyewe, si jiko peke yake.