Mjomba wa Gemu: Panya Asiyeumia na Njia Isiyo na Mshale

SWALI: Shikamoo Mjomba. Kaka kaniachia gemu ya zamani, Morrowind. Panya wa kwanza tu kanishinda: kisu nakiona kabisa kinampata, lakini haumii. Halafu nikitumwa mahali, hakuna mshale wa kunionyesha. Juzi nimezunguka jioni nzima nikatokea ziwani. Watu wanaisifia nini?
— Mpwa wako, Morogoro

JIBU: Marahaba mpwa. Huyo panya namfahamu, hata mimi alinitesa.

Gemu hiyo ni ya mwaka 2002, na ndani yake bado kuna kete zinazorushwa kimyakimya kila unapopiga. Haijali kisu kimefika wapi. Inaangalia ujuzi wako wa silaha hiyo, wepesi wako, na ule mstari wa kijani wa pumzi. Nakisia ulichagua ujuzi wa shoka halafu ukaokota kisu. Nakisia pia ulimkimbilia panya, na kukimbia kunamaliza pumzi. Ukimfikia unahema, utampiga nani? Tembea. Mstari ukijaa, piga.

Kuhusu mshale, hapo ndipo tutakapogombana. Mimi niliicheza kwenye kompyuta ya duka langu la kuchapa barua, nikishafunga saa mbili usiku, kamusi ya Kiingereza pembeni. Ukipewa kazi kule Vvardenfell, kisiwa cha gemu hiyo, unaelekezwa kwa mdomo, kama tunavyoelekezana mitaani: toka mji wa Balmora, pita ngome, vuka daraja la kale, shika upande fulani. Basi. Nilinunua kaunta buku nikawa naandika kila nilichoambiwa, maana daftari la ndani ya gemu niliyokuwa nayo lilipanga mambo kwa tarehe, kazi zote zimechanganyika kama mahindi na maharage.

Kazi moja ni kutafuta kisanduku kwenye magofu ya Arkngthand, nayo ilinimalizia usiku mbili. Usiku wa kwanza sikujua kwamba mlango unafunguliwa kwa kuzungusha mkono wa bomba lililo nje yake. Wa pili nilikipita kisanduku chenyewe, kidogo, kimekaa kwenye rafu kama kiberiti. Nilipokiona nilipiga kelele hadi mlinzi akaja kugonga.

Na wenyeji wanakuita mgeni, kwa dharau. Unastahili: umeshushwa melini Seyda Neen, kijiji gemu inapoanzia, ukiwa mfungwa, njia hujui, hata nauli ya yule mdudu mkubwa anayebeba abiria unaifikiria mara mbili. Miezi mitatu baadaye nilikuwa naenda Balmora bila kufungua ramani. Gemu zenye mshale wa kuonyesha njia nimezicheza nyingi. Miji yake siikumbuki, nakumbuka mshale.

Kwa hiyo jioni yako ya ziwani haikupotea. Ila rudi Seyda Neen, ushike njia ya kaskazini kidogo. Kuna mtu ataanguka kutoka mbinguni. Chukua karatasi zake tatu za uchawi. Ukiitumia moja utaruka ajabu. Kutua ndiko kulikomuua mwenyewe, kwa hiyo ya pili itumie kabla hujagusa ardhi.

SWALI: Mjomba, ni kweli unaweza kumuua yeyote, hata mtu wa hadithi kuu?
— Msomaji, Tanga

JIBU: Kweli. Ukimuua mtu wa hadithi kuu linatokea tangazo kwamba uzi wa unabii umekatika: rudi pale uliposevu, yaani ulipohifadhi gemu, au endelea kuishi kwenye dunia uliyoiharibu. Mimi nilimuua Caius Cosades, mzee wa kifua wazi wa Balmora anayekupa kazi za hadithi kuu, kwa tamaa ya vitu vya chumbani kwake. Tangazo nililifunga bila kulisoma, nikasevu juu ya sevu yangu pekee, nikalala. Wiki iliyofuata, kamusi mkononi, ndipo nikaelewa kwa nini kazi zimekwisha. Nikaanza gemu upya, nikarudi melini, mfungwa mwenzangu Jiub akaniuliza jina langu tena.