Kabla Hujasema Chuma Ni Feki

Wiki iliyopita kijana mmoja fundi wa pampu kutoka Kasulu aliniandikia ujumbe, akanisalimu kwa heshima zote, kisha akaniomba nimtajie duka la Dar es Salaam linalouza shafti imara, yaani ule mhimili wa chuma unaozungushwa na mota ndani ya pampu, kwa kuwa ya pili imemkatikia na mwenye mradi ameanza kumtazama kwa jicho baya. Nilimuuliza swali moja tu: vipande viko wapi? Akajibu kwamba cha kwanza kilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na cha pili amekichomelea ili maji yaendelee kupanda tenki wakati anasubiri shafti mpya. Naandika makala haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila fundi anayetaka jina lake lidumu katika kazi hii, kwa maana najua sote tunataka jambo lilelile: mtambo ukitoka mikononi mwetu usirudi na ugonjwa uleule.

Miaka kadhaa nyuma nilikereza shafti ya pampu ya mradi mmoja wa maji kando ya ziwa, si mbali na mji wetu wa Kigoma. Mradi wenyewe siutaji, na waliohusika siwataji. Shafti ilikatika kabla masika hayajaisha. Niliitwa kwenye kikao, na mbele ya wajumbe, na mbele ya vijana niliokuwa nikiwafundisha kazi, msimamizi akasema kwamba nimewauzia chuma feki. Ushahidi wake ulikuwa kwamba mahali palipokatika palionekana chembe kubwa zinazong'aa, na kwa maelezo yake chuma halisi hakina chembe. Nikaomba nikione kipande. Nikaambiwa kimeshauzwa kwa kilo. Fedha zangu zilizobaki hazikulipwa, na kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipotaja bei ya kazi hapa mjini, Mwanga au Gungu, hakukosekana mtu wa kuuliza kama chuma changu ni kilekile cha ziwani. Maneno yale yaliniuma, na sitaficha kwamba mpaka leo yananiuma.

Waliagiza shafti nyingine, ya kiwandani, ikiwa na karatasi zake zote, na ikafungwa na fundi mwingine. Nayo ikakatika mahali palepale. Safari hii mlinzi wa mtambo, mzee ninayemheshimu sana, alikificha kipande stoo akanipigia simu. Nilikwenda na tochi na kioo cha kukuzia, nikakaa nacho nje kwenye mwanga.

Uso wa kipande kile ulikuwa na sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Kuanzia kwenye kona ya mfereji wa kii, yaani pale kinapokaa kile kipande kidogo cha chuma kinachoizuia kapulingi (kiungo cha shafti ya pampu na mota) isizunguke peke yake juu ya shafti, kulikuwa na eneo laini lililoenea zaidi ya robo tatu ya uso wote. Eneo hilo lilikuwa na mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, mithili ya alama ambazo maji ya ziwa huziacha mchangani yanaporudi nyuma. Upande wa pili palikuwa na sehemu ndogo iliyobaki, yenye kukwaruza, iliyojaa chembe zinazong'aa. Hizo ndizo chembe zilizonifanya niitwe tapeli.

Ni lazima kila fundi aelewe maana ya sehemu hizo mbili. Ile laini ni ufa uliokuwa ukitembea polepole, na ulaini wake unatokana na nyuso mbili za ufa kusuguana kila shafti inapozunguka. Kila mstari unaonyesha mahali ufa ulipotulia kwa muda, pengine pampu ilipozimwa au mzigo ulipopungua. Ile yenye chembe ni mahali pa mwisho, palipokatika kwa mara moja baada ya chuma kilichobaki kushindwa. Sehemu ya mwisho ikiwa ndogo, maana yake ni kwamba mzigo ulikuwa mdogo ukilinganishwa na nguvu ya chuma. Chuma kilichoendelea kusukuma maji mlimani kikiwa kimebaki na robo ya mwili wake hakiwezi kuitwa feki. Kilikuwa chuma kizuri kilichoteswa.

Kulikuwa na jambo la pili. Ufa ulikata shafti moja kwa moja kwa upana wake, kama mtu akatavyo muwa. Shafti inayochoshwa na msokoto huelekea kupasuka kwa mshazari wa nyuzi 45, ufa ukizunguka mwili wake. Ufa unaokata hivyo kwa upana unasema kwamba shafti ilikuwa ikipindwa. Basi swali halikuwa tena nani ameuza chuma, bali nani anapinda shafti. Tulifunga kwenye kapulingi saa ya kupimia, ambayo mshale wake huonyesha chuma kikisogea hata kidogo, kisha tukalegeza bolti za flanji, yaani kisahani cha kuungia, ya bomba la kuvuta maji. Mshale wa saa ukaruka papo hapo. Bomba lilikuwa fupi, na waliolifunga walilivuta kwa mnyororo mpaka likafika, kwa hiyo mwili wote wa pampu ulikuwa umevutwa upande, na msingi wa zege nao ulikuwa umezama kona moja kwa sababu ya udongo uliolowa. Tuliongeza kipande cha bomba, tukaliwekea bomba nguzo zake lenyewe, tukamwaga msingi upya, tukapanga pampu na mota kwenye mstari mmoja. Shafti iliyofungwa siku hiyo niliikereza mimi, kwa chuma cha aina ileile kilichotukanwa, na haijakatika. Hakuna aliyenirudia kusema samahani, lakini pampu inasema.

Wengi hawaamini kwamba kupinda kidogo hivyo kunaweza kukata chuma kinene. Wapige hesabu. Mota inayozunguka mara 1,450 kwa dakika, ikifanya kazi usiku na mchana, huzungusha shafti zaidi ya mara milioni 2 kwa siku, na katika kila mzunguko upande uliokuwa umevutwa hugeuka ukabanwa, kisha ukavutwa tena. Kabla juma halijaisha zimeshapita milioni 10. Chuma cha kawaida, kikiwa kikavu na kimesuguliwa vizuri, kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake kinaweza kuzunguka bila kuchoka, na kiwango hicho hukaribia nusu ya nguvu inayohitajika kukivuta mpaka kikatike. Kona kali ya mfereji wa kii hukishusha mno. Mkwaruzo wa kisu cha mashine ya kukereza hukishusha. Maji yanayopenya kwenye sili (kizibo cha kuzuia maji pembeni mwa shafti) iliyochoka hukiondoa kabisa, kwa maana chuma kinachopindwa huku kinaliwa na kutu hakina tena mzigo wa salama, ni suala la muda tu. Kwa sababu hiyo nawasihi wakerezaji: pale shafti inapobadilika unene, msiache kona ya nyuzi 90. Viringisheni kona ile na kuing'arisha, hata kama mteja ana haraka.

Dhana ya kwamba chuma kilichokatika kilikuwa na chembe mbaya si ya Kigoma peke yake. Tarehe 8 Mei 1842, karibu na Versailles nchini Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilikatika, moto ukazuka, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wataalamu wengi wa enzi hizo walisema kwamba chuma kimegeuka ndani kikawa cha punjepunje kwa sababu ya kutikiswa. Ilichukua miaka mingi ya majaribio ya Mjerumani August Wöhler, aliyezungusha ekseli za reli kwenye mashine zake katika miaka ya 1850 na 1860, kuonyesha kwamba mzigo mdogo unaorudiwarudiwa hukata chuma ambacho mzigo mkubwa wa mara moja usingekikata. Reli ya Kati iliyofika hapa Kigoma mwaka 1914 ilitandikwa elimu hiyo ikiwa imeshapatikana. Haipendezi kwamba zaidi ya karne moja baadaye bado tunahukumiana kwa chembe.

Tukija kwenye impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, ugonjwa unabadilika lakini ushauri wangu ni uleule: tazama kabla ya kununua. Nimeletewa impela za shaba zilizochimbika mashimo yenye kingo kali karibu na mlango wa maji, na wenyewe wanalaumu mchanga. Mchanga husugua, huacha michirizi laini inayofuata mkondo wa maji, na kweli upo mwingi kwenye mito yetu wakati wa mvua. Mashimo yale ni kazi ya mapovu. Kanieneo ya maji, yaani mgandamizo wake, ikishuka mno kwenye mlango wa impela, maji huchemka yakiwa ya baridi, mapovu ya mvuke huundwa, na yanapofika mahali penye kanieneo kubwa huvunjika kwa kishindo kidogo juu ya chuma, maelfu kwa maelfu, mpaka chuma kimeguke. Ukisimama karibu na pampu ya namna hiyo utasikia kana kwamba kokoto zinapita ndani yake.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vingi vya pampu havilitaji. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Pwani, uzito wa hewa unaweza kuinua maji kwa nadharia mita 10.3, hapa ni kama mita 9.4. Toa msuguano wa bomba na futivalvu (vali ya mwisho wa bomba ndani ya maji), toa mvuke wa maji yenye joto, toa kanieneo ambayo pampu yenyewe inaihitaji mlangoni, na mara nyingi unabaki na mita 5 hivi au pungufu. Halafu mtu anaifunga pampu juu ya kilima ili isifikiwe na ziwa linapojaa, na anapunguza ukubwa wa bomba la kuvuta ili kuokoa fedha. Akibadilisha impela kila mwaka, atakuwa anamlipa mwenye duka badala ya kushusha pampu.

Ndugu zangu wa injini za boti na jenereta, mapovu hayo yako kwenu pia. Mkitoa slivu, lile bomba la chuma ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake, mkaikuta ina vitobo vidogo vyenye kina kwa nje, upande ule pistoni inapoisukuma, msikimbilie kusema slivu ni mbovu. Slivu hutikisika kila pistoni inapoipiga, maji yaliyoizunguka hutengana nayo na kuirudia, na mapovu huchimba. Maji yenye dawa ya rejeta hujenga utando unaokinga chuma. Maji matupu ya ziwani, ambayo pH yake (kipimo cha asidi na magadi) hukaribia 9, upande wa magadi, hayana utando huo, na sehemu za alumini hazipendi maji ya namna hiyo hata kidogo.

Kuhusu kutu sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu anaiona. Niseme tu kwamba inahitaji maji na hewa kwa pamoja, na aliyekinyima chuma vitu hivyo amekiokoa. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, mafundi wake walipaka mitambo grisi nzito kwanza. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, mitambo yake ikiwa bado inafaa. Kwa upande mwingine, nenda Uvinza, kwenye maji ya chumvi ya chemchemi zilizo karibu na Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, uone bolti ya chuma cha kawaida iliyofungwa kwenye mwili wa shaba inavyoliwa upesi. Metali mbili zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, moja hujitoa kwa ajili ya nyingine, na ikiwa inayojitoa ni bolti ndogo dhidi ya mwili mkubwa, haitachukua muda.

Bolti ndicho kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote, nami sitaacha kulisema hilo. Bolti iliyokazwa sawasawa hushikilia kwa nguvu inayozidi mtikisiko, kwa hiyo yenyewe huhisi sehemu ndogo tu ya kila pigo. Iliyolegea hupokea pigo lote, na hiyo ndiyo inayopasuka. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya huko Siberia, Urusi, mfuniko wa tabo namba 2, yaani mtambo unaozungushwa na maji ili kutoa umeme, uling'oka, maji yakajaa ukumbi wa mitambo, na watu 75 wakapoteza maisha. Kati ya bolti 49 zilizochunguzwa baadaye, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu, yaani za mzigo unaorudiwarudiwa. Nyufa hizo hazikuzaliwa asubuhi ile, zilikuwepo, na mtambo ulikuwa ukitikisika kupita kiasi kabla ya kufumuka. Yeyote anayesimamia mtambo, hata uwe jenereta ya zahanati, akisikia mtikisiko mpya auzime kwanza, akague bolti moja moja, na inayotiliwa shaka aitoe badala ya kuikaza zaidi.

Basi kitu kikikatika, usikichomelee, usikiuze, na usijaribu kuunganisha vipande kuona kama vinaingiana, kwa kuwa kugusana kunafuta mistari. Usisugue uso wake kwa brashi ya waya. Ukaushe kwa kitambaa laini, upige picha mwanga ukitokea ubavuni ili mistari ionekane, kisha uupake oili safi na kuufunga kwenye nailoni. Juu yake andika tarehe, saa ambazo mtambo ulikuwa umefanya kazi, upande uliotazama mota, na kama kulikuwa na kelele au joto siku za karibuni. Piga picha pia ya bomba na msingi kabla hujalegeza hata nati moja, maana ukishafungua, mvuto wa bomba hauonekani tena. Vipande vyote viwili vibaki na wewe mpaka shafti mpya ipite muda ambao ile ya kwanza haikuufikisha, na atakayekuja kukwambia chuma chako ni feki, mtolee kipande mezani kabla hajamaliza sentensi.