Uliza Tujibu: Hii herufi µ mbona iko kila mahali?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi, natengeneza feni na pampu za maji, kwenye kapasita kila siku naona 2.5µF. Juzi kijana wangu wa kidato cha tatu kaleta homuweki ya fizikia imeandikwa µ = 0.4, peke yake hivyo hivyo, haina F wala nini. Afu inhela ya pumu ya mama nayo ina 100µg. Sasa hii ni kitu kimoja au kila mtu anajiandikia tu? Na nikikosa kapasita ya 2.5µF nikapata ya 2.5MFD naweza kufunga?
*Fundi feni, Tanga*

JIBU: Tuanze na la mwisho maana mteja anasubiri. Funga tu, MFD na µF ni kitu kile kile, na wengine wanaandika uF kwa sababu µ haipo kwenye kibodi zao. Cha kuangalia ni volti, isiwe chini ya ile ya kapasita uliyotoa.

Hiyo herufi inaitwa mu, ni ya 12 kwenye alfabeti ya Kigiriki, ni m yao ndogo. Ikibandikwa mbele ya kipimo (F, g, m, s) inasomwa mikro, yaani sehemu moja ya milioni. Ilibidi waazime kwa Wagiriki kwa sababu m ndogo ilishachukuliwa na mili na M kubwa ni mega. Kwa hiyo kapasita yako ni faradi 2.5 gawanya kwa milioni, na inhela ya mama ni gramu 100 gawanya kwa milioni kwa kila mpulizo.

Ya kijana ni nyingine kabisa. Ikisimama peke yake kwenye fizikia ya kusukuma na kuvuta vitu, ni namba ya msuguano, na haina kipimo kwa sababu ni nguvu imegawanywa kwa nguvu. Mwambie hivi: sanduku linakandamiza sakafu kwa nyutoni 100, µ ni 0.4, basi msuguano unaweza kufika mpaka nyutoni 40, ukisukuma kwa 30 halitoki hapo. Tairi kwenye lami kavu µ yake inafika 0.7 na zaidi, lami ikilowa inashuka, ndo maana mvua ikinyesha gari linaenda mbele kabisa hata ukikanyaga breki mapema.

Na asidhani ameimaliza, maana akifika kwenye takwimu ataikuta tena ikiwa wastani wa kundi zima, na kwenye umeme ataikuta kwenye mambo ya sumaku. Halafu kuna chembe inaitwa muoni, Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua 1936 kwenye mionzi inayotoka angani, alama yake ni µ na inaishi wastani wa 2.2µs tu, sasa hapo herufi moja imetumika mara mbili kwenye sentensi moja kwa maana mbili tofauti na wanafizikia wanaona sawa tu 😅

SWALI: Nimesoma wodini kwetu tangazo kwamba tusiandike µg kwenye faili la mgonjwa, tuandike mcg. Si ni kitu kimoja? Mbona tunasumbuana?
*Muuguzi, Dodoma*

JIBU: Dada, ni kitu kimoja kwenye kitabu, ila kwenye mwandiko wa daktari mwenye wagonjwa 60 hapana. Ule mkia wa µ ukikatika inasomeka mg, na hapo dozi imeshapanda mara 1,000. Chukua salbutamo, dawa ya pumu: mpulizo mmoja wa inhela ni mikrogramu 100, kidonge ni miligramu 2 au 4. Kidonge cha 4mg kina mikrogramu 4,000, sawa na mipulizo 40, na hapo hakuna aliyekosea kwa sababu kidonge kinapita tumboni na inhela inaenda moja kwa moja kwenye mapafu. Sasa dawa moja ikiwa na vipimo vyote viwili halali, nani atashtuka akiona mg mahali pa µg? Marekani wanasisitiza mcg, Uingereza wanataka uandike neno zima, na mimi hapo nawaunga mkono Waingereza, maana hata mcg ikiandikwa haraka haraka inaweza kusomeka mg. Kwenye majibu ya maabara, CD4 (chembe za kinga) au wadudu wa malaria kwa µL (mikrolita), hamna shida kubwa pale yanapotoka yameprintiwa.

SWALI: Naiandikaje kwenye kompyuta?
*Mwanafunzi, Mombasa*

JIBU: Kwenye Windows shikilia Alt uandike 0181 kwa namba za pembeni kulia, kwenye Mac ni Option na m. Ila ujue kompyuta ina mu mbili, ya mikro na ya Kigiriki chenyewe, kwa macho zinafanana lakini namba zake ndani ya kompyuta ni tofauti, kwa hiyo ukitafuta "µF" kwenye Excel ikakwambia haipo wakati unaiona kabisa, kopi ile iliyoko kwenye seli ubandike kwenye kisanduku cha kutafuta.