Anza na On Basilisk Station

Ndugu, umeuliza uanze na kitabu kipi cha Honor Harrington, mfululizo wa riwaya za vita vya anga za juu kuhusu afisa wa kike wa manowari, na kama unaweza kurukia vya katikati. Anza na On Basilisk Station cha David Weber, cha mwaka 1993. Usiruke, maana cheo cha Honor kinapanda kitabu hadi kitabu, na maadui wa mwanzo wanarudi baadaye.

Honor anakabidhiwa manowari ndogo, Fearless, iliyong'olewa sehemu kubwa ya silaha zake kupisha silaha mpya ya masafa mafupi ambayo admirali mmoja anaishabikia mno. Kwenye mazoezi inafaulu mara moja tu kwa kushtukiza, kisha inachapwa karibu kila mara. Aibu hiyo anabebeshwa nahodha, naye anatupwa Basilisk, kituo cha maafisa wasiotakiwa. Mabaharia wake wamenuna. Anafanya nini? Anaanza kazi ya forodha: kukagua meli za biashara, kukamata magendo, bila kujali mzigo ni wa tajiri gani. Kwangu kurasa hizo zinazidi hata mapigano, kwa sababu unaona wale walionuna wakianza kumwamini kidogo kidogo, kazini.

Mwishoni, meli zikiwa zinafukuzana, Weber anasimama kueleza historia ya usafiri wa anga za juu kurasa kadhaa. Zipitie haraka tu.

Ukimaliza, chukua The Honor of the Queen. Humo anapelekwa Grayson, sayari ambako mwanamke haruhusiwi jeshini kabisa, na wanaume wa huko wanahitaji manowari zake.