Ofisi ya mwezi kwa mwezi Mji wa Kale: mmeuliza, najibu

Tangu niseme kwamba nimehama Nkrumah Road nikaingia na daftari zangu za hesabu ghorofani huku Ndia Kuu, simu hailali. Kila mtu ataka ofisi Mji wa Kale wa Mombasa sasa, na matangazo yenyewe yamejaa, meza kwa siku, chumba kwa mwezi, ingia leo toka ukitaka. Haya, nimechukua yale maswali yanayojirudia, yaliyobaki nivumilieni.

*Dada, mimi nachora nembo na mabango, niko peke yangu, nichukue chumba ama meza tu? (wa Kisauni)*

Meza. Mimi nilianza na chumba kizima kwa sababu ya fahari tu, ati mteja akija aone mlango una jina langu, na kwa miezi minne wateja waliopanda ngazi ni watatu na mmoja alikuwa amepotea njia. Chukua meza siku mbili au tatu kwa wiki, ukiona wagombania nafasi ya kuongea na mteja faraghani ndio uanze kufikiria mlango. Ila uliza kabati la kufungia vitu, manake kubeba skrini kwa matatu kila siku kutoka Kisauni utachoka kabla ya wiki kuisha.

*Naskia intaneti Mji wa Kale ni mbovu, kweli? Kazi yangu ni vidio koli na watu wa nje asubuhi mpaka jioni.*

Intaneti si mbovu, mbovu ni kule kudhani waifai inapita popote. Nyaya za baharini zenyewe, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, yaani Nairobi wanapata kupitia kwetu. Sasa mawimbi ya intaneti yamevuka bahari yote hiyo halafu yanakuja kufia kwa ukuta wa bibi yako. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja wakaribia nusu mita unene, na ruta wameiweka ukumbini karibu na ngazi kwa sababu ndipo fundi alipofika akachoka. Ukiwa ukumbini utaona kasi ya ajabu, ingia chumba cha ndani ufunge mlango, kwisha.

Kwa hivyo usikubali kuonyeshwa ofisi ukiwa umesimama ukumbini. Nenda na laptopu yako, kaa kwenye ile meza utakayokalia, funga mlango, piga vidio koli ya nusu saa na mtu yeyote hata mamako. Ikikatika, waambie wavute waya mpaka chumbani, tena wapitishe juu ya mlango wasitoboe ukuta ovyo (hilo nalijia). Na stima uliza mawili tu, kuna betri ama jenereta ikipotea, na tokeni ananunua nani. Kuna mahali nilikaa mita ilikuwa moja na fundi wa kushona wa chini, pasi zake zinakula tokeni na mimi nagawana nusu kwa nusu na laptopu moja na feni.

*Tuko watu sita. Kuna vyumba viwili vimeshikana, tukivunja ule ukuta wa kati tutapata ukumbi mzuri, na pia tuweke dirisha la kioo na AC. Mwenye nyumba amesema sawa bora tulipie sisi.*

Ngojeni kwanza, msishike nyundo.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa 1990, na kuna sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 juu yake. Kuvunja, kubadilisha uso wa nyumba, kutoa mlango wa nakshi, kuziba roshani, kufunga boksi la AC upande wa barabarani, hayo yote yapitia ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, halafu kaunti. Mwenye nyumba kusema sawa haitoshi, na ubaya ni kwamba wakija kusimamisha kazi pesa iliyokwenda ni yenu, si yake.

Halafu hata kama hakungekuwa na sheria, nyumba yenyewe haiwataki safu mbili za meza. Angalieni juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwi ndefu, ni kama mita tatu ama chini, ndio maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, si kwamba wazee walikuwa hawajui kupima. Ule ukuta wa kati mnaotaka kuvunja ndio umeshika ncha za boriti za pande zote mbili. Mkiutoa, sakafu ya juu itawatembelea. Pangeni meza mstari mmoja kufuata ukuta mrefu, watatu hapa watatu kule, na kabati la mafaili zito liwe kando ya ukuta lisikae katikati ya chumba.

Na plasta pia, nawaomba. Ukiona ukuta unamwagika unga mweupe na chumvi usimwite fundi apige plasta ya simiti. Chokaa inapumua, unyevu waingia watoka, simiti inaufungia ndani kisha ukuta waanza kuoza taratibu, mwaka wa kwanza panapendeza, wa pili plasta yote iko chini na imeondoka na jiwe. Mafundi wa chokaa wapo bado, wazee wa Kibokoni wanawajua, ulizia barazani tu. Kama kweli mwahitaji ukumbi mpana na kioo na lifti, tafuteni Nkrumah Road ama Moi Avenue kwenye majengo ya juzi, hakuna aibu, mimi nilikaa huko miaka na sikufa.

*Bi mkubwa, nimekaa ofisini mwaka wa pili, hatujaandikiana chochote, nalipa kila mwezi. Juzi mwenye nyumba kanitumia meseji ati nitoke mwisho wa mwezi, apata mtu wa bei ya juu. Ana haki?*

Mdogo wangu, tulia, hana. Watu wengi hufikiri bila karatasi huna kitu, na kwa ofisi na maduka Kenya ni kama kinyume. Kuna sheria ya tangu 1965, Sura ya 301, ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, mahoteli na mikahawa, na humo "duka" ni pamoja na mahali unapotoa huduma kwa pesa, kwa hivyo mtu wa hesabu kama mimi ama kinyozi ama wewe tumo. Upangaji usioandikwa, ama ulioandikwa lakini hauzidi miaka mitano, huo unalindwa. Kukutoa ama kukupandishia kodi mpaka akupe notisi rasmi kwa fomu yake, yenye sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu uipate. Meseji ya simu si notisi.

Lakini nawe usilale. Siku ikija notisi ya kweli, una mwezi mmoja kumjibu kwa maandishi kwamba hukubali, na upeleke shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya ile tarehe ya kutoka kufika. Ukinyamaza umejiuza. Na kodi endelea kulipa, kwa M-Pesa ama benki mahali panapobaki alama, usimpe mkononi hata kama mnaswali safu moja. Akikataa kupokea, weka ushahidi kwamba ulijaribu.

Sasa wale wa meza za siku msishangilie, hii haiwafikii nyinyi vile vile. Meza ndani ya ukumbi wa mtu, yeye ndiye afungaye na kufungua, wewe umepewa ruhusa tu ya kukaa, hukukodisha mahali. Ndio maana bei ni nafuu na ndio maana waweza kuambiwa kesho usije. Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya ukurasa mmoja wanayokupa, ruka maneno matamu ya mwanzo uende kutafuta mambo mawili, notisi ni siku ngapi kwa kila upande, na dipoziti yarudi lini. Dipoziti yangu moja mpaka leo iko kwa bwana mmoja aniambia inshallah tangu mwaka juzi.

*Tangazo lilisema elfu ishirini, ankara imekuja 23,200. Nimeibiwa?*

Hapana, hiyo ni VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, asilimia 16, kodi ya ofisi hutozwa tofauti na nyumba ya kulala. Ila inatozwa na mwenye nyumba aliyesajiliwa VAT pekee, kwa hivyo mwambie akupe risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, yenye PIN yako. Akiwa hana basi hiyo 3,200 yaenda mfukoni mwake, na wewe hesabu zako za mwaka utashindwa kuonyesha kodi ya ofisi kama gharama. Maji uliza mbele pia, kama yanatoka mferejini ama mnanunua ya mkokoteni, manake hiyo haimo kwenye tangazo lolote.

*Gari naweka wapi?*

Nje. Makadara ama upande wa Nkrumah Road, halafu miguu au tuktuk.

*Mimi si Muislamu, Ijumaa na Ramadhani ofisi hufungwa?*

Yategemea mwenyewe, wengi Ijumaa hufunga kuanzia saa sita hadi saa nane hivi, na Ramadhani wanafunga ofisi mapema alasiri. Uliza kama utapewa ufunguo. Kunywa maji mezani kwako hakuna atakayekukataza, lakini chipsi na kuku mchana ule, mwanangu, nenda nazo kwengine.

*Nimepata chumba cha juu kinatazama bandari ya kale, mandhari yake yanaua, bei imezidi kidogo. Nichukue?*

Kipindi cha kaskazi utafurahi, upepo waja wenyewe kutoka majini na feni utaisahau, lakini upepo huo huo una chumvi, printa na soketi zitashika kutu kwa hivyo funika vyombo jioni. Kusi likiingia na mvua za Aprili angalia dari kwenye kona kama kuna madoa ya kahawia, hayo ndio yatakuambia paa liko vipi kuliko dalali. Nenda saa nane mchana, jua likiwa kali, ukae saa nzima. Na ukiamua hukitaki nitumie namba ya mwenyewe, manake huku kwangu dirisha latazama ukuta wa jirani na nimechoka.