Kuhamishia Rogue ya zamani kwenye mashine za leo: usiiandike upya

Mkuu, nimesoma uzi wako hadi mwisho. Una msimbo wa Rogue, ule mchezo wa kale wa kutalii mapango kwa herufi za skrini, wa enzi za BSD (Unix ya Chuo cha Berkeley), umeandika make (amri ya kujenga programu), kompaila mpya ya gcc ikakumwagia makosa skrini nzima, na wadau hapo juu wamekushauri uutupe uanze upya kwa Python. Mchezo huu huu nimeshauhamishia Linux ya biti 64, Raspberry Pi na Windows, na mimi nakushauri kinyume chao. Sehemu kubwa ya msimbo ule ni C ya kawaida ambayo haijali iko kwenye mashine gani. Kinachokutesa ni vipande vichache vinavyozungumza moja kwa moja na Unix ya miaka ya 1980 na kompyuta ya VAX. Kazi yako ni kuvisaka na kuvihamishia vyote kwenye faili moja.

Kwanza ufanye ujengeke jinsi ulivyo, hata kwa nguvu: gcc -m32 -std=gnu89 -fcommon -fwrapv. Makosa mengi unayoyaona yametokana na kompaila kubadilika, mchezo wenyewe hauna hatia. GCC 10 iliacha kuunganisha kimyakimya vigezo vilivyotangazwa mara mbili kwenye mafaili tofauti. GCC 14 ikaanza kukataa fanksheni zisizotangazwa. GCC 15 nayo inaanzia C23 (kanuni mpya za lugha ya C), ambako mabano matupu maana yake ni "haipokei kitu". Vipande vya sgtty (njia ya zamani ya kuongoza terminali) na /dev/kmem (mlango wa memori ya kernel, kiini cha mfumo) havitapita hata ufanyeje, vizime kwa #if 0 kwa muda. Ikishajengeka, usishangilie. Hiyo programu iweke pembeni iwe kipimo, kisha uondoe zile bendera (yale maneno ya amri yanayoanza na -) moja moja huku ukirekebisha msimbo wenyewe. Uanzie -m32, inayojenga kwa biti 32, kwa sababu ndiyo inayofunika balaa kubwa: fanksheni isiyotangazwa, hata kama inarudisha anuani, huchukuliwa kuwa inarudisha int, na kwenye biti 64 anuani inakatwa nusu. Mchezo unakufa mahali ambapo hapahusiani kabisa na kosa.

Vingine ni vya kufuta tu. Rogue iliandikwa kwa ajili ya mashine moja ya chuo iliyotumiwa na wanafunzi wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ndani yake kuna ulinzi wa mzigo. Inafungua /vmunix na /dev/kmem kusoma mzigo wa kernel, inahesabu watumiaji kwenye utmp (orodha ya walioingia), na ikiona mashine imeelemewa inakuomba radhi, inakuambia urudi baadaye, na kwa sasa ujiburudishe na slime-mold, lile tunda la ndani ya mchezo. Nilicheka nilipokutana nayo. Kwenye laptop yako haina kazi, ondoa yote.

Upande wa terminali ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Stty na ioctl za zamani zilizopo kwa ajili ya kujua herufi za kufuta zinaondoka, na mahali pake unaweka erasechar() na killchar() za curses yenyewe, maktaba ya kuchora kwenye skrini ya maandishi. Crmode inakuwa cbreak. Penye curscr->_cury weka getyx, maana ncurses, curses ya leo, inaweza kukuficha kabisa matumbo ya WINDOW. Kitu kimoja tu cha kuangalia: winch() ya leo inarudisha herufi pamoja na sifa zake kama ung'avu, kwa hiyo kila inapolinganishwa na '@' au '#' uichuje kwanza kwa A_CHARTEXT. Inafurahisha kwamba Ken Arnold, mmoja wa waandishi wa Rogue pamoja na Michael Toy na Glenn Wichman, ndiye aliyeandika curses. Ndiyo maana mchezo unaingia chumbani kwa maktaba hiyo bila kubisha hodi.

Sasa daemon.c. Humo mna jedwali la kazi zinazoendeshwa kila zamu: doctor anakuponya, stomach anakuhesabia njaa, na kadhalika. Kila mstari una pointa (anuani ya memori) ya fanksheni:

int (*d_func)();

halafu inaitwa kwa kupewa d_arg. Kwa C23 hilo ni kosa. Andika:

void (*d_func)(int);

na zile fanksheni zote zipokee int hata kama hazitaitumia. Usifanye ujanja wa kulazimisha aina kwa mabano, utarudi hapo hapo baadaye.

Penye kazi hasa ni kusevu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Waandishi wa Rogue hawakuandika taarifa za mchezo kwenye faili, waliimwaga memori nzima. Msimbo unachukua kila kitu kuanzia anuani ya kigezo kiitwacho version hadi sbrk(0), yaani mwisho wa memori ya programu, unakificha kidogo, unaandika. Ukirudisha, unaita brk kupanua memori, unasoma yote pale pale, na mchezo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa VAX ilikuwa akili nyingi. Kwa mfumo wa leo, ambao hubadilisha anuani kila programu inapowashwa, pointa zote zinarudi zikionyesha hewani. Hakuna kiraka hapa. Utaandika kila sehemu ya hali ya mchezo mwenyewe, baiti kwa baiti, kwa int32_t na mpangilio wa baiti uliouchagua wewe.

Vitu vya kawaida kama namba na majina havina shida. Shida ni pointa. Chukua t_dest ya jini (adui wa ndani ya mchezo): ni pointa ya mahali anapokimbilia. Inaweza kuonyesha mahali ulipo wewe, au dhahabu ya chumba fulani, au kitu kilicholala chini. Huwezi kuandika anuani, kwa hiyo unaandika namba mbili: aina ya lengo, na nafasi yake kwenye orodha. Unaporudisha, kwanza unajenga majini wote na vitu vyote, kisha unapita mara ya pili kuunganisha t_dest, kwa sababu mara ya kwanza lengo huenda halijazaliwa. Fanksheni za daemon.c nazo zinageuzwa namba vivyo hivyo: kwa mfano doctor 1, stomach 2. Mradi wa Roguelike Restoration ulifanya hivi kwenye state.c, na mambo ya mfumo ukayaweka kwenye mdport.c kwa fanksheni zinazoanza na md_. Yasome yote mawili kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Utajuaje hujaharibu mchezo? Jenga kwa -DMASTER, ingia kama mchawi (hali ya majaribio ya mchezo), weka SEED, namba inayoanzisha bahati, kwenye mazingira (environment), bonyeza vitufe vile vile kwenye programu ya kipimo na kwenye mpya, linganisha skrini. Hapa seed lazima iwe salama. Namba za bahati zinatoka kwenye seed*11109+13849, zinasogezwa biti 16, zinachujwa kwa 0xffff. Kwa int yenye alama, kufurika ni jambo ambalo C hailiwekei kanuni. Ukiifanya uint32_t matokeo ni yale yale kabisa, maana kichujio kinabakiza biti za juu 16 tu na alama haina nafasi. Long usiiguse: Linux ya biti 64 inaipa biti 64, Windows 32.

Kwenye Raspberry Pi, char haina alama. Kila char inayolinganishwa na -1 au EOF igeuze int, la sivyo mzunguko hautaisha.

Windows tumia PDCurses, curses inayofanya kazi huko. Getuid, SIGTSTP na kutoroka kwenda shell kwa kitufe cha ! vipe fanksheni tupu ndani ya faili lako la mfumo. Faili la kusevu lifungue kwa "wb" na "rb", kwa sababu Windows ikilidhani ni maandishi itaongeza baiti ya 0x0D kila inapoona 0x0A, na itaacha kusoma ikikutana na 0x1A.

Nitumie hapa matokeo ya grep (amri ya kutafuta maneno) ya sbrk, ioctl na _cury kwenye msimbo wako, tuone toleo lako lina vipande vingapi.