Kidonda kimefunga, kinga bado

Hiyo poda ya kapsuli ya rangi mbili unayonyunyizia kidonda iweke chini sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Umesema msumari ulikuingia unyayoni Jumamosi huko Mtongwe, Mombasa, kwenye mbao zilizolala kando ya zizi la mbuzi. Ukadungwa sindano moja ya pepopunda kwenye duka la dawa, ya kwanza maishani mwako kwa unavyojua, tundu limeanza kufunga, na sasa wauliza hiyo ya pili ina haja gani maadamu kidonda kinakauka. Mimi nilipofika pale pa "kinakauka" moyo uliniruka. Maneno hayo hayo niliyasema mwaka 2019, na siku ya tisa mdomo wangu haukufunguka.

Mimi ni seremala, si daktari. Lakini meno yangu yalifunga na yako bado yanafunguka, kwa hivyo nisikilize.

Ilikuwa Alhamisi, mjengo wa Kisauni, nang'oa mbao zilizoshika zege. Msumari ukapita ndara ukaingia unyayoni, ukatoa matone mawili matatu ya damu, basi. Udogo ule ndio ulionidanganya. Bakteria wa pepopunda, Clostridium tetani, hukaa udongoni na kwenye mavi ya wanyama akiwa amejifungia ndani ya ganda gumu, miaka na miaka. Hapendi hewa. Tundu jembamba, refu, lililozibika juu, ndiyo nyumba aliyokuwa akiitafuta. Wala usihangaike na kutu. Msumari mpya unaong'aa ukipita kwenye mavi ya mbuzi utakuletea mgeni yule yule.

Jioni nikapita kwa muuza dawa karibu na steji. Akapasua kapsuli ya rangi mbili, akanyunyiza unga wake juu ya tundu mpaka likazibika, akafunga bandeji akakaza. Hakuosha kwa maji na sabuni, hakuchunguza kama kuna kipande cha ndara kilichobaki ndani. Akanidunga sindano begani, akasema, "Nenda zako fundi, hiyo moja yatosha miaka kumi."

Nikamlipa, nikamshukuru kwa mikono miwili!

Mpaka leo nikipita pale damu hunichemka. Swali moja tu lingetosha: fundi, umewahi kuchanjwa mara ngapi? Hiyo miaka kumi ni ya mtu aliyekwisha kukamilisha dozi zake, tena kwa jeraha dogo safi. Jeraha chafu kama langu na lako, hata aliyekamilisha huongezewa ikiwa imepita miaka mitano tangu dozi yake ya mwisho. Na mimi mamangu alinizalia nyumbani, Kinango ndani, kadi ya kliniki sikuwahi kuwa nayo. Ile ilikuwa sindano yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Mtu amevaa koti jeupe, anauza neno "yatosha" kama anauza peremende, na kesho yake hakumbuki hata sura yako.

Sasa nikueleze sindano ile hufanya nini, kwa sababu mimi nilielezwa nikiwa nimechelewa. Chanjo ya pepopunda ni sumu ya huyo huyo bakteria, imevunjwa makali kwa fomalini. Mwili unaonyeshwa sura ya adui ili utengeneze kingamwili, yaani protini za damu zinazoikamata sumu hiyo. Kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa kazi hiyo huchukua wiki, na dozi moja huacha kinga hafifu isiyotegemeka. Ya pili, baada ya wiki 4, ndiyo inayoiinua. Ya tatu, miezi 6 au zaidi baada ya ya pili, ndiyo inayoifanya idumu miaka. Pepopunda nayo huanza kati ya siku 3 na 21 tangu kujeruhiwa, mara nyingi kama siku ya 8 hivi. Piga hesabu mwenyewe uone nani anafika kwanza.

Kwa sababu hiyo, kwa jeraha chafu la mtu ambaye dozi zake hazijafika tatu, kuna sindano nyingine kando ya chanjo: ya kingamwili zilizo tayari, zinazofanya kazi papo hapo huku mwili ukijifunza polepole. Si jambo la jana wala juzi. Wanasayansi Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kule Berlin mwaka 1890 kwamba ukichukua majimaji ya damu ya mnyama mwenye kinga ukampa mwingine, kinga huhamia kwake. Muuza dawa wangu hakunitajia. Na wako hukusema kama alikutajia.

Siku ya tano tundu langu lilikuwa limefunga, ngozi laini ya waridi juu, nikamwonyesha mke wangu kwa furaha. Hapo ndipo nataka usimame. Kidonda kufunga ni kazi ya damu kuganda, seli nyeupe kusafisha, nyama changa kujaza, ngozi kufunika. Hakuna hata moja katika hizo inayoufundisha mwili kuijua sumu ya pepopunda. Juu fundi anapiga plasta, chini mwizi yumo ndani.

Siku ya tisa, asubuhi, mbaazi na mahamri mezani. Hamri haliingii. Nalisukuma, taya limekaza kama koleo. Nikadhani ni gego. Mke wangu akanipaka mafuta ya karafuu, tukapoteza siku nzima. Usiku shingo ikakauka, tumbo likawa gumu kama ubao. Walinitia kwenye tuktuk, na tulipokuwa daraja la Nyali matatu ikapiga honi ubavuni mwetu. Honi tu! Mgongo ulipinda kama upinde, nikasimama kwa kisogo na visigino, akili timamu kabisa, nasikia kila kitu, siwezi hata kulia.

Siku 26 nililazwa chumba cha wagonjwa mahututi, mapazia yamefungwa, wauguzi wananong'ona kwa sababu mlango ukigongwa nakakamaa upya. Mpira wa kupumulia shingoni. Sumu ikishashika neva haitoki. Kingamwili unazopewa hukamata ile tu ambayo bado inazunguka. Kilichobaki ni kusubiri neva ziote ncha mpya, na wakati huo bili inaota pia. Tuliuza pikipiki, randa, msumeno wa umeme. Ami yangu aliuza mbuzi wake wote.

Siku ya kutoka muuguzi akaja na sindano. Nikamuuliza, "Sista, si nimeshaugua? Mwili umeshamjua." Akatikisa kichwa. Akasema sumu inayotosha kumuua mtu ni kidogo mno, hata mwili haupati kujifunza kwayo. Ningekanyaga msumari mwingine mwakani, ningeugua upya. Kwa hiyo nikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, na za kuongezea baadaye.

Dada yangu ana tano kwenye kadi yake, alizipata kliniki wakati wa mimba zake. Sisi wanaume nani anatuita kliniki? Tunakanyaga misumari kila siku na hatujui hata idadi.

Sasa wewe. Leo ni siku ya tatu. Panda ferry asubuhi na mapema, nenda hospitali yenye daktari, si dukani. Mwambie: zizi la mbuzi, tundu refu, sindano moja tu maishani. Mwambie alifungue, alioshe, atazame ndani. Muulize kwa kinywa chako habari ya sindano ya kingamwili zilizo tayari. Taya, shingo au tumbo vikikaza hata kidogo njiani, usingoje foleni, piga kelele. Sindano ya pili tarehe yake iandikwe kwenye kadi, na kadi uipige picha kwa simu. Ukishaipata hiyo tarehe rudi hapa uiandike, maana siku ikifika nitakuuliza mwenyewe.